Namna ya Kupanga Jeti za Kabureta kwenye Kwadi Iliyofanyiwa Marekebisho, kwa Hewa ya Arusha na Moshi

Kwadi, yaani pikipiki ya magurudumu manne, inapotoka kiwandani, jeti za kabureta yake, yaani vipande vidogo vyenye tundu linalopimia injini petroli, zimepangwa zilingane na ekzosi yake, chujio lake la hewa na kasha linalolibeba chujio hilo. Mwenye nayo akiondoa ekzosi ya kiwandani na kuweka iliyo wazi zaidi, akabadilisha chujio, kisha akatoa na kifuniko cha kasha ili injini ipumue, hewa inayoingia huongezeka, lakini tundu la jeti linabaki lilelile. Kabureta haina kihisi cha kuiambia kwamba mambo yamebadilika. Matokeo yake ni kwamba mafuta yanakuwa machache kuliko hewa inavyodai, injini inapata joto kupita kiasi, na yule aliyetumia fedha nyingi kutafuta nguvu anajikuta na mashine inayokohoa kila anapovuta mafuta ghafla na kutoa milio ya kupasuka kwenye ekzosi kila anapoachia.

Mwongozo huu unahusu kwadi za mipigo minne, zenye silinda moja na kabureta moja. Mifano yangu mingi inatoka kwenye Honda TRX400EX, mashine ya sentimita za ujazo 397 isiyo na rejeta, ambayo nimeifungua kabureta mara nyingi kiasi cha kuweza kuifanya kazi hiyo nikiwa nimefumba macho. Utaratibu ni uleule kwa Kawasaki KFX400 na kwa Suzuki LT-Z400 za kabla ya mwaka 2009, kwa sababu kuanzia mwaka huo Suzuki walihamia kwenye mfumo wa kunyunyiza mafuta kwa kompyuta, na mashine ya namna hiyo haina jeti ya kubadilisha.

Kabla ya kushika bisibisi, naomba msomaji akubali jambo moja ambalo watu wengi hulipinga: namba ya jeti iliyomfaa mtu mwingine si jibu la mashine yako. Jeti yangu kubwa, yaani ile inayolisha injini unapofungulia mafuta mpaka mwisho, hapa Arusha ni 158. Kwadi ya jirani yangu, ya aina ileile na ya mwaka uleule, haikutulia mpaka tulipoweka 162, kwa kuwa silinda yake iliwahi kuchongwa na ekzosi yake ni ya muundo mwingine. Namba ya mwenzako inakusaidia kujua uanzie wapi kutafuta, basi.

Hewa ya huku na hesabu yake

Mji wa Moshi uko kwenye mwinuko wa takriban mita 890 kutoka usawa wa bahari, na Arusha uko kwenye takriban mita 1,400. Kwa hesabu ya kawaida ya anga, uzito wa hewa ya Moshi ni karibu asilimia 92 ya uzito wa hewa ya pwani, na wa Arusha ni karibu asilimia 87. Hewa inapokuwa nyepesi, mvuto wake kwenye jeti nao hupungua, lakini haupungui kwa kiwango kilekile; mafuta hupungua kwa kufuata kipeuo cha pili cha uzito wa hewa. Kwa hiyo kwadi iliyopangwa vizuri Dar es Salaam, ikifikishwa Arusha bila kuguswa, itakuwa na mafuta yaliyozidi kwa karibu asilimia 7.

Hapa kuna mtego wa namba. Namba iliyo kwenye jeti ya Keihin, mmoja wa watengenezaji wa kabureta, ni kipenyo cha tundu kwa sehemu za mia za milimita, maana yake jeti ya 160 ina tundu la milimita 1.60. Kwa kuwa eneo la tundu hukua kwa mraba wa kipenyo, kupunguza mafuta kwa asilimia 7 kunahitaji kupunguza namba kwa asilimia tatu na nusu tu, yaani kutoka 160 hadi 155. Jeti kubwa za Mikuni, mtengenezaji mwingine, zenye kichwa cha pembe sita zina hesabu nyingine: namba yake inafuata kiasi cha mafuta kinachopita kwa dakika, na kazi hiyohiyo ingekutoa 160 hadi karibu 150. Mtu anayechukua namba ya kabureta moja na kuihamishia kwenye nyingine anaweza kuharibu injini huku akiamini amefuata ushauri.

Tofauti ya mwinuko kati ya Moshi na Arusha peke yake ni ndogo, kiasi cha nafasi moja ya jeti ya Keihin, kama kutoka 160 hadi 158. Joto lina uzito mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Nilipokaa na kalamu nikalinganisha mchana wa Februari mjini Moshi, kwenye nyuzi 33, na asubuhi ya Julai hapa Arusha, kwenye nyuzi 13, niliona kwamba uzito wa hewa katika sehemu hizo mbili unakaribia kuwa sawa kabisa, kwa sababu baridi ya Arusha inarudisha kile ambacho mwinuko umekichukua. Ndiyo maana kwadi iliyopangwa Arusha wakati wa jua la Januari inaweza kuonekana haina kasoro, halafu ikaanza kukohoa Julai bila mtu yeyote kuigusa. Panga jeti katika majira na saa unazoendesha zaidi, na kama huna uhakika, panga siku ya baridi, kwa sababu baridi ndiyo inayodai mafuta mengi.

Vitu vya kuwa navyo

Vifaa ni vya kawaida: bisibisi za nyota na za bapa zinazoenea vizuri kwenye vichwa vya skrubu, spana ndogo ya jeti, spana ya plagi, plagi mpya mbili au tatu za namba iliyoandikwa kwenye kitabu cha mashine, tepu ya karatasi, kalamu ya wino usiofutika, na chombo safi cha kukingia petroli. Skrubu za bakuli la kabureta ni laini mno, na bisibisi isiyoenea itazila vichwa siku ya kwanza. Mimi nilibadilisha zangu zote nikaweka za kichwa cha alenki, na huo ulikuwa uamuzi bora kuliko hata ekzosi niliyonunua.

Jeti zinunuliwe kwa mfululizo, zisinunuliwe moja moja. Chukua tano au sita zinazofuatana, tatu juu ya unayoidhania na mbili chini yake. Kuna kishawishi cha kuingia kwenye duka la vipuri vya bodaboda na kutoka na jeti ya bei rahisi ambayo uzi wake unaingia bila shida, lakini uzi kuingia haimaanishi kwamba tundu limepimwa. Nimewahi kununua jeti mbili zilizoandikwa namba moja. Nilipozitazama kwenye mwanga wa jua, hata jicho liliona kwamba tundu moja ni kubwa kuliko jingine. Kama hakuna njia nyingine, zipime zote kwa kuzilinganisha na moja unayoiamini, na zisizofanana zitupe. Kuhusu desturi ya kupanua jeti kwa sindano au kipande cha waya, sina la kusema zaidi ya kwamba ukishafanya hivyo namba iliyoandikwa juu yake haina maana tena, na wewe hujui tena ulichonacho.

Ondoa kwanza magonjwa mengine

Jeti haziponyi injini inayovuta hewa ya wizi. Washa injini, iache ipate joto, kisha nyunyizia maji kidogo kidogo kuzunguka mpira unaounganisha kabureta na injini. Mlio ukibadilika, mpira umepasuka au klipu yake haijakaza, na hapo kila kipimo utakachochukua kitakuwa cha uongo. Jua na vumbi la huku, hasa la tambarare za Boma Ng'ombe na Sanya, hukausha mipira hiyo mapema.

Safisha chujio na ulipake oili yake kama ni la sponji. Pima vali kwa geji. Hakikisha leva ya gumba, ile ya kuongezea mafuta, inarudi yenyewe na kwamba ukiisukuma mpaka mwisho slaidi ya kabureta, yaani kizibo kinachoinuka kupitisha hewa, inafunguka yote. Nimeona mtu akihangaika wiki nzima na jeti kubwa kumbe kebo yake ilikuwa inafungua robo tatu tu. Weka petroli mpya.

Kisha ifungue kabureta na uisafishe. Jeti ndogo, inayolisha injini leva ikiwa karibu imefungwa, ndiyo inayoziba kwanza, kwa kuwa tundu la namba 42, kwa mfano, ni milimita 0.42 tu, na utando wa petroli iliyokaa miezi miwili unatosha kulifunga. Tumia dawa ya kusafishia kabureta na upepo wa kompresa, ila ondoa boya na sindano yake ndogo ya kufungia petroli kwanza ili upepo usiviharibu. Elekeza jeti kwenye mwanga: tundu lionekane duara kamili, si nusu mwezi. Pima pia urefu wa boya kama kitabu kinavyoelekeza, kwa kuilaza kabureta mpaka ulimi wa boya uguse tu pini ya sindano bila kuisukuma ndani. Boya likiwa limekaa juu mno au chini mno, linaongeza au kupunguza mafuta katika sehemu zote kwa pamoja, na hakuna jeti itakayolifidia. Kwa kabureta zenye slaidi inayoinuliwa na mvuto wa hewa, kama za KFX400, nyoosha ule mpira mwembamba wa juu kwenye mwanga na utafute tundu, hata liwe dogo kama ncha ya pini.

Onyo moja la usalama: petroli ya bakuli humwagika, na ekzosi iliyotoka kufanya kazi inaweza kuiwasha. Subiri ipoe, funga koki ya tanki, fanya kazi mahali penye hewa, na asiwepo anayevuta sigara.

Nani anatawala wapi

Kabureta ina njia kadhaa za mafuta, na kila moja inatawala sehemu yake ya ufunguzi wa leva. Kuanzia sailensi, yaani injini inapozunguka yenyewe bila leva kuguswa, mpaka karibu robo, mafuta yanatoka zaidi kwenye jeti ndogo na skrubu yake. Kuanzia robo mpaka robo tatu, mtawala ni sindano inayopanda na kushuka pamoja na slaidi, si ile ya boya. Kuanzia robo tatu mpaka mwisho, ni jeti kubwa. Mipaka hii haijakatwa kwa kisu. Kila sehemu inaingia kidogo katika ya jirani yake.

Gumba lina uongo mwingi. Mpanda kwadi akisema mashine yake inakosa nguvu akiwa ameifungulia nusu, mara nyingi amefungulia robo tu, au tayari yuko robo tatu. Bandika tepu ya karatasi kwenye kasha la leva na kwenye leva yenyewe, kisha chora alama za kufungwa, robo, nusu, robo tatu na mwisho. Kuanzia hapo usiandike tena kwamba kwadi ilikohoa. Andika kwamba ilikohoa kwenye alama ya nusu, kwenye gia ya tatu, injini ikiwa imepata joto. Tofauti kati ya maelezo hayo mawili ndiyo tofauti kati ya kupanga na kubahatisha.

Hatua ya kwanza: jeti kubwa

Ninaanza na jeti kubwa kwa sababu mafuta yanayopita kwenye sindano yamepitia kwanza kwenye jeti hiyo, na ukiigusa mwishoni utalazimika kurudia kazi ya katikati. Wapo mafundi wanaoanza na jeti ndogo, na hawakosei kama injini haitulii kabisa kwenye sailensi. Lakini ikishatulia, nenda kwenye jeti kubwa.

Anza na jeti kubwa kuliko unayodhani inahitajika. Injini yenye mafuta yaliyozidi itatoa moshi mweusi, itakuwa nzito na itachafua plagi, na hayo yote yanarekebishika jioni hiyohiyo. Injini iliyopungukiwa na mafuta wakati leva iko mwisho inaweza kutoboa pistoni ndani ya dakika chache. Kwa hiyo tunashuka kutoka kwenye mafuta mengi kwenda machache, wala hatupandi kutoka machache kwenda mengi.

Tafuta njia ndefu iliyonyooka, isiyo na watu, na yenye idhini ya mwenye eneo. Barabara kuu ya Arusha na Moshi si mahali pake. Njia za ndani ya mashamba makubwa kuelekea Usa River zinafaa asubuhi kabla ya wafanyakazi kuingia. Vaa helmeti, glovu na buti.

Pasha injini joto kwa dakika kumi. Ingia gia ya tatu, fungua leva mpaka mwisho, na usikilize. Mafuta yakiwa yamezidi sana, injini itakwama kabla ya kufika resi ya juu, yaani mzunguko wake wa kasi, na kutoa mlio mzito wa kukatika katika, kama mtu anayeongea akiwa na chakula mdomoni. Punguza jeti nafasi moja, rudia. Endelea mpaka injini ipande kwa usafi hadi juu. Kisha fanya jaribio hili: ukiwa umefungua mpaka mwisho na resi iko juu, rudisha leva kidogo sana, upana wa kucha. Kwadi ikiongeza nguvu kwa nukta moja baada ya kurudisha, jeti ni ndogo mno, kwa maana umepunguza hewa na injini imeshukuru. Ongeza nafasi moja mara moja. Ikisita au kupunguza kidogo tu, uko karibu na penyewe.

Njia ya pili ya kuthibitisha ni kuziba sehemu ya tundu la kasha la chujio kwa tepu. Kwadi ikienda vizuri zaidi na tepu, inahitaji mafuta. Ikiwa mbaya zaidi, mafuta yanatosha au yamezidi. Jaribio hili halihitaji kufungua kabureta, na linakuokolea safari moja ya kumwaga petroli.

Mwisho ni plagi, na hapa ndipo nilipojifunza kwa gharama. Siku moja nilimaliza kukimbiza kwadi kwenye njia ya shamba, nikarudi taratibu kama kilomita mbili hadi nilipoegesha pikapu, nikasimama kuzungumza na mlinzi huku injini ikiunguruma, ndipo nikafungua plagi. Ilikuwa nyeusi kama masizi ya sufuria. Nikajiambia mafuta yamezidi, nikashusha jeti nafasi mbili kwa mkupuo. Safari iliyofuata kwadi ilikwenda kama upepo kwa nusu dakika, halafu nikasikia mlio mkavu wa kugonga, kama kokoto ndani ya kopo, na nguvu zikaanza kufifia mikononi. Nilizima. Plagi safari hii ilikuwa nyeupe kama chokaa, na kwenye kauri yake kulikuwa na vidoa vidogo vinavyometa kama fedha. Vidoa hivyo ni alumini ya pistoni. Fundi mmoja wa Moshi mwenye umri wa baba yangu alipoiona, alinieleza kwa upole kwamba plagi ile ya kwanza nyeusi ilikuwa inanisimulia habari za kilomita mbili za mwendo wa pole na mazungumzo na mlinzi, na wala haikuwa na habari za leva ikiwa mwisho.

Kwa hiyo plagi isomwe hivi. Weka plagi mpya kabisa. Kimbiza kwenye gia ya tatu au ya nne, leva ikiwa mwisho, kwa sekunde kadhaa. Bila kuachia leva kwanza, bonyeza swichi ya kuzimia na ubane klachi kwa wakati mmoja, kisha iache kwadi ijiendee mpaka isimame. Ifungue plagi hapohapo ulipo. Usitazame ncha tu. Tazama chini kabisa ya kauri nyeupe, pale inapozama ndani ya chuma, kwa kurunzi na ikiwezekana kioo cha kukuzia. Mkanda mwembamba wa hudhurungi pale chini ni dalili njema. Kauri iliyo nyeupe mpaka chini inaomba mafuta. Masizi makavu yaliyopanda mpaka karibu na ncha yanaonyesha yamezidi. Petroli isiyo na risasi hupaka rangi polepole, kwa hiyo plagi mpya ikionekana nyeupe mno baada ya mkimbio mmoja mfupi, rudia mara mbili tatu kabla ya kuamua, na usipuuze masikio yako kwa sababu ya rangi.

Jeti inayofaa ikishapatikana, mimi huongeza nafasi moja ya usalama kwa kwadi zinazopozwa kwa hewa, hasa zinazopanda miteremko ya Marangu au Machame, ambako mashine inafanya kazi kubwa kwa mwendo mdogo na upepo wa kuipoza ni haba. Inapotea nguvu kidogo sana ambayo hakuna gumba litakaloitambua.

Hatua ya pili: sindano

Sindano ina mifuo juu, na klipu hukaa katika mmojawapo. Kushusha klipu mfuo mmoja kuelekea kwenye ncha kunainua sindano, na sindano ikiinuka mafuta yanaongezeka. Kupandisha klipu kunaishusha sindano na kupunguza mafuta. Wengi hukosea hapa kwa kuwa mkono unashuka na mafuta yanapanda. Andika kwenye karatasi ubandike ukutani.

Sasa endesha kwa utulivu kwenye alama ya nusu, kwenye ardhi tambarare, gia ya tatu. Kwadi inayopwaya, yaani inayokwenda mbele na kurudi nyuma kama inayovutwa na kamba ilhali gumba lako limetulia, imepungukiwa na mafuta. Inayounguruma kwa mlio mzito, yenye kuchelewa kuitika na inayopata nafuu injini ikiwa baridi kuliko ikiwa na joto, mafuta yamezidi. Badilisha mfuo mmoja kwa wakati. Baada ya hapo jaribu kufungua kwa ghafla kutoka robo hadi robo tatu. Kukohoa kidogo kwa kusita kunaomba sindano ipande, na kukohoa kunakofuatana na moshi mweusi kunaomba ishuke.

Kama unajikuta kwenye mfuo wa mwisho kabisa, wa juu au wa chini, na bado haitoshi, usilazimishe. Ama jeti kubwa haiko sahihi, au bomba ambamo sindano inapita limelika. Sindano na bomba lake huchakaa pamoja kwa kusuguana, na kwadi iliyoingizwa nchini ikiwa imetumika miaka mingi inaweza kuwa na bomba lililokuwa yai badala ya duara. Hapo kinachotakiwa ni kununua seti mpya.

Hatua ya tatu: jeti ndogo na skrubu yake

Kwanza tambua ni skrubu gani uliyo nayo. Ikiwa iko upande wa injini, mara nyingi chini ya kabureta, ni skrubu ya mafuta, na kuifungua kunaongeza mafuta. Ikiwa iko upande wa chujio, ni skrubu ya hewa, na kuifungua kunapunguza mafuta. Kuchanganya hizi mbili ni kosa la kila siku.

Funga skrubu taratibu mpaka ikae, bila kukaza, kwa sababu ncha yake ni nyembamba na ikivunjikia ndani umepoteza kabureta. Kisha ifungue mzunguko mmoja na nusu. Injini ikiwa na joto, pandisha sailensi kidogo, na uzungushe skrubu robo kwa robo huku ukisubiri sekunde kumi kila mara injini iitike. Tafuta mahali ambapo resi inakuwa ya juu na mlio umetulia, halafu shusha sailensi kwa skrubu yake.

Skrubu ya mafuta ikitulia kati ya mzunguko mmoja na miwili na nusu, jeti ndogo inafaa. Ikidai kufunguliwa zaidi ya hapo, weka jeti ndogo iliyo juu kwa namba moja. Ikidai kufungwa karibu kabisa, weka ya chini yake. Kwa skrubu ya hewa geuza maana. Dalili za njiani zinathibitisha: resi inayochelewa kushuka ukiachia leva, pamoja na milio ya kupasuka kwenye ekzosi ukishuka mteremko, vinaonyesha mafuta yamepungua hapa chini. Hata hivyo, kabla ya kulaumu jeti kwa milio hiyo, kagua gasketi ya ekzosi pale inapoungana na injini, kwa sababu hewa inayoingia hapo inatoa mlio uleule.

Ukimaliza, rudi mara moja kwenye alama ya nusu na ya mwisho uhakikishe hakuna kilichohama.

Neno kwa wenye kwadi za mipigo miwili

Utaratibu haubadiliki, ila hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu petroli yao ndiyo inayobeba oili. Yamaha Banshee ina silinda mbili na kabureta mbili, na slaidi zake lazima zipande pamoja kabla ya kuzungumzia jeti. Usibadilishe kiwango cha oili katikati ya kazi: kuongeza oili kwenye petroli ileile kunapunguza petroli inayopita kwenye jeti, na utajikuta umepunguza mafuta bila kukusudia.

Kupanda na kushuka mlima

Ukipanda kutoka Moshi hadi lango la Marangu, kwenye takriban mita 1,860, kwadi itakuwa na mafuta yaliyozidi kidogo, itakuwa nzito, na haitadhurika. Ukishuka ndipo penye hatari. Kwadi iliyopunguzwa mafuta mpaka tone la mwisho hapa Arusha, ikipakiwa kwenye gari na kushushwa kwenye fukwe za Tanga au Bagamoyo, itakutana na hewa nzito na kukosa mafuta leva ikiwa mwisho. Kwa safari hiyo mimi hubadilisha jeti kubwa nikiwa bado nyumbani, kutoka 158 hadi 165, ambayo kwa hesabu ya mwinuko imezidi kidogo, na ziada hiyo naiacha makusudi. Sindano naipandisha mfuo mmoja, na skrubu ya mafuta naifungua robo.

Namba zote hizo, pamoja na tarehe, joto la siku, idadi ya mizunguko ya skrubu na mfuo wa klipu, nimeziandika kwa kalamu ya wino chini ya kiti cha kwadi. Kuna mistari kumi na moja pale sasa, miwili imekatwa, na mmoja umeandikwa pembeni yake: plagi ilisomwa vibaya.